Kibanda Hakisubiri Kijae

Siku ya kwanza niliingia, nikakaa, nikaanza kusubiri kijae.

Ndivyo nilivyolelewa. Mimi ni mtu wa Likoni, ng'ambo ya feri ya Mombasa. Matatu ya kwenda Ukunda haitoki stejini mpaka ijae, na ikishajaa huongezwa wengine wawili. Kwa hiyo nilipojikuta peke yangu ndani ya kibanda chenye nafasi ya watu kumi, niliweka mkoba pajani, nikatoa simu, nikajipa dakika ishirini. Milango ikajifunga. Kibanda kikashtuka kidogo, kama mtu aliyevutwa mkono, na sakafu ya stesheni ikaniondokea chini ya miguu. Nilikuwa hewani peke yangu, na hata ule ujumbe wa "nimeshapanda" sijamaliza kuuandika.

Hiyo ilikuwa La Paz, Bolivia, Februari 2023. Nilikuwa nimekwenda kufundisha Kiingereza kwa miezi kumi, na mahali nilipopata chumba cha bei yangu palikuwa El Alto, juu kabisa, wakati kazi ilikuwa mjini, chini kabisa. Kati ya huku na kule kuna ukuta wa mlima wa kama mita 400. Kwa hiyo kila siku ya kazi nilishuka kwa kamba asubuhi na kupanda kwa kamba jioni, na mengi niliyoyajua kuhusu safari za mjini yakaanza kunichanganya.

(Nikisema kibanda msinielewe vibaya. Si kile cha chapati na maharagwe. Wenyewe mtambo wote, yaani magari ya kebo yanayoning'inia angani, wanauita teleférico, na kijumba cha kupanda ni cabina. Mimi ndani ya kichwa changu kilibaki kibanda, maana kina madirisha pande zote, mabenchi mawili yanayotazamana, na kila anayeingia humo huishia kusikia habari za mwenzake.)

La Paz ni bakuli. Katikati ya mji ni kama mita 3,600 juu ya usawa wa bahari, na ukingoni mwa bakuli, zaidi ya mita 4,000, ndiko kuliko na El Alto, mji wa Waaymara, wenyeji wa asili wa milima ile, waliohama kutoka mashambani na migodini. Sisi tumezoea kwamba aliyejaliwa hujenga juu apate upepo na mandhari. Huko ni kinyume. Wenye pesa wameteremka bondeni kufuata joto na hewa ya kuvuta, na wasio nazo wameachiwa ukingo, baridi na vumbi. Kwa barabara, njia inajikunja ubavuni mwa mlima kama nyoka, na saa za kazini minibasi zilinila saa nzima. Njia Nyekundu ya kamba, iliyofunguliwa Mei 2014 ikiwa ya kwanza, ilinifikisha kwa dakika kumi. Sasa ziko njia kumi, kila moja na rangi yake, zaidi ya kilomita 30 kwa jumla, na nilipokuwa huko hakukuwa na mji mwingine duniani wenye mtandao mrefu kuliko huo.

Nauli ilikuwa boliviano 3, kama shilingi 60 za Kenya kwa wakati ule. Ukibadilisha njia uliongeza 2. Minibasi ilikuwa nafuu kidogo, na hilo lina uzito kwa mtu mwenye watoto wanne wa shule. Usimwamini anayekwambia kila mtu huko anasafiri kwa kamba. Wapo majirani zangu waliopanda Jumapili tu, kama matembezi.

Wiki tatu za mwanzo nilikuwa nakimbia. Sikuwa nimechelewa, ni mwili tu uliokuwa umezoea. Nikiona kibanda kinaingia stesheni, miguu inajiendea yenyewe, kama unavyokimbilia feri ukisikia king'ora na mlango unaanza kuinuka. Sasa kukimbia ngazi kwenye mita 4,000, kwa mtu aliyezaliwa usawa wa bahari, ni jambo la kipumbavu. Siku moja nilifika juu ya ngazi moyo ukinidunda masikioni, macho yanaona nyota mchana kweupe, nikashika kizuizi cha chuma nisianguke. Kibanda nilichokikimbilia kikaondoka. Nyuma yangu alikuja bibi mmoja wa miaka sabini na kitu, sketi saba moja juu ya nyingine, kofia ya duara imekaa upande, mzigo mgongoni unaomzidi kimo. Hakunitazama. Alitembea mwendo wake, akaingia kinachofuata. Kilikuwa kimekuja sekunde 12 baadaye.

Sekunde 12, saa zote. Ilinichukua muda kuelewa inawezekanaje, mpaka nikaanza kusimama pembeni na kutazama. Kamba yenyewe haisimami. Inakimbia kama mita tano kwa sekunde, mwendo wa baiskeli ya mtu mwenye haraka. Kibanda kikiingia stesheni, koleo lililo juu ya paa lake linaiachia kamba, halafu safu ya magurudumu ya mpira inakipokea na kukisukuma polepole, mwendo wa mtu anayetembea na mtoto mdogo. Unaingia kikiwa kinakwenda. Ukifika mwisho wa jukwaa, magurudumu yanakiharakisha mpaka kilingane na kamba, koleo linabana tena, na hapo ndipo kinaposhtuka. Wanaofanya kazi pale humshika mzee kiwiko bila kuombwa. Akija mtu wa kiti cha magurudumu wanapunguza mwendo au kusimamisha kabisa, na wote tulio hewani tunaning'inia tukibembea kidogo, bila mtu kulalamika. Kwetu dereva angepigiwa kelele.

Mama yangu alipiga simu mwezi wa kwanza.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Eti wapanda kamba kwenda kazini?"

"Si kupanda kamba, Mama. Nakaa ndani."

"Ndani ya kitu kilichofungwa kwenye kamba."

"Ndiyo."

"Na umeme ukipotea?"

Nikamweleza kuna injini ya akiba ya kuwarudisha watu stesheni. Akanyamaza kidogo, akasema hata feri ina injini ya akiba. Hapo sikuwa na jibu. Yeye ni wa kizazi kilichozika watu wa feri ya MV Mtongwe, Aprili 1994, watu zaidi ya 270 waliozama wakienda kazini asubuhi. Kila chombo anachopanda mwanawe anakitazama kwa jicho hilo.

Kitu ambacho sikumwambia ni radi. Msimu wa mvua, Novemba hadi Machi, mawingu hukusanyika mchana juu ya El Alto na radi hupiga karibu hivi kwamba unasikia nywele zinasimama. Ikikaribia sana wanafunga njia, na foleni inatanda mpaka barabarani. Siku kama hizo mji mzima hurudi kwenye minibasi, na makonda wanajua. Kijana mmoja alinitoza mara mbili ya nauli huku akinitazama usoni, na mimi nililipa, maana mvua ya barafu ilikuwa inanipiga kichwani na sikuwa na Kihispania cha kugombana.

Ila nilichotaka kueleza zaidi ni watu.

Kwenye matatu tunakaa tukitazama kisogo cha mwenzetu. Unaweza kupanda gari moja na mtu mwaka mzima usijue ana pua ya namna gani. Kwenye kibanda mnatazamana, magoti karibu yagusane, hakuna muziki, hakuna makanga, na hakuna wa kushuka njiani. Watu wa La Paz wamelipatia dawa jambo hilo. Kila anayeingia husalimu, *buenos días*, na wote waliomo huitika. Anayeshuka huaga. Wakati mwingine dakika kumi zote hakuna neno lingine, lakini hayo mawili hayakosekani. Mwanzoni nilidhani wananisalimu mimi kwa kuwa mgeni, nikawa naitika kwa furaha nyingi kupita kiasi.

Mgeni nilikuwa kweli, na sikuwa na pa kujificha. Wiki ya pili, wasichana wawili wa shule walikaa mbele yangu, wakanitazama, wakatazamana, halafu mmoja akamfinya mwenzake mkono na kunong'ona *suerte*. Bahati. Wakacheka. Nikadhani ni mchezo wao. Kesho yake mwanamume mzima na tai yake akamfinya mkewe. Mama mwenye nyumba wangu ndiye aliyenieleza, akiwa na haya kidogo: ukimwona mtu mweusi, unamfinya uliye naye, unapata bahati. Wanawafanyia hata Wabolivia wenzao weusi, wale wa mabonde ya Yungas ambao babu zao waliletwa utumwani, na ambao wako huko karne nyingi.

Barabarani ningepita. Kwenye kibanda utapita uende wapi? Nilijaribu kutazama nje. Nilijaribu kununa. Siku moja nikiwa nimechoka na darasa la watoto thelathini, mama mmoja alimfinya bintiye, na mimi nikanyoosha mkono wangu mwenyewe, nikajifinya kwa nguvu mbele yao, nikasema *suerte*. Kimya kikaingia. Kisha yule mama akaona aibu mpaka mashavu yakaiva, binti akaangua kicheko, na tukaongea mpaka juu. Aliuliza natoka wapi. Nikasema Kenya, kwenye bahari. Bolivia haina bahari, iliipoteza kwa Chile vitani katika karne ya 19, na ni kidonda ambacho hakijapona. Ukimtajia Mbolivia bahari anakaa sawasawa kwenye kiti. Aliniuliza maji yanakuwa na rangi gani asubuhi. Sijawahi kuulizwa swali hilo na mtu yeyote, na nilihangaika kulijibu.

Sisemi kujifinya kulimaliza jambo. Walinifinyia mpaka wiki ya mwisho, na siku nyingine sikuwa na moyo wa utani.

Unapokwenda hewani unaona pia usiyopaswa kuona. Mbwa wanaishi juu ya mapaa, wanabwekea vibanda kwa zamu. Nguo za ndani za watu nilizifahamu kwa rangi. Juu El Alto kwenye nguzo za umeme wananing'iniza wanasesere wa ukubwa wa mtu, wamevishwa nguo kuukuu, kuwaonya wezi kwamba mtaa huo hauiti polisi. Mara ya kwanza nilidhani ni mtu kweli. Na katikati ya Njia Nyekundu unapita juu ya makaburi makuu ya mji, ambako wafu hawalali ardhini. Wamepangwa ukutani, ghorofa juu ya ghorofa, kila mmoja na kidirisha chake cha kioo chenye maua. Ukitazama kutoka juu ni mtaa wa kawaida tu.

Pale makaburini ndipo nilipofanya kisanga changu. Novemba 2, siku ya wafu, mama mwenye nyumba aliniomba nimsindikize kwa marehemu mumewe. Usiku kucha tulikuwa tumeoka *t'anta wawa*, mikate yenye umbo la mtoto aliyeviringishwa nguo, na uso wa udongo uliopakwa rangi umechomekwa kichwani. Unampelekea marehemu, watu wanakuja kumwombea, unawagawia. Mimi nilipewa kubeba mikate. Nikaifunga kwenye leso yangu (kanga), ile ya rangi ya zambarau niliyotoka nayo nyumbani, na mama akacheka, maana wao nao wana kitambaa chao cha mistari, *aguayo*, na kazi zake ni zile zile: mtoto, mzigo, baridi, kutandika chini.

Kibanda kilijaa siku hiyo. Tulipofika stesheni ya makaburi, nilihangaika kumshikilia mama asisukumwe, tukashuka, milango ikafunga. Nikajitazama mikono. Mitupu.

Mikate ilikuwa chini ya benchi, inaendelea na safari ya kwenda chini mjini.

Nikakimbia kando ya kibanda (bado nakimbia, mwajionea) mpaka kizuizi kikanisimamisha. Kijana wa zamu akaja. "Nambari?" Vibanda vina nambari, imeandikwa ubavuni, na mimi nilikuwa nimepanda miezi tisa bila kuitazama hata siku moja. "Sijui." Akatazama kamba, akatazama saa yake. Akasema kitu ambacho hakika mtu wa matatu hawezi kukuambia: "Subiri hapa. Kitarudi."

Ndiyo, kingerudi tu. Kinakwenda chini, kinazunguka gurudumu kubwa, kinapanda upande wa pili. Akapiga simu kwa wenzake wa chini, halafu akatuvusha tukasimame upande wa vinavyopanda. Tukaanza kuhesabu. Kila sekunde 12 kimoja kinaingia, milango inafunguka, mimi nainama nachungulia chini ya benchi, waliomo wananisalimu, naitika, milango inafunga. *Buenos días. Buenos días.* Nimekwisha kusalimu watu wengi maishani, lakini si kwa mkupuo ule. Mama mwenye nyumba alikuwa amekaa kwenye ngazi, mikono mapajani, haonyeshi hasira wala wasiwasi. Aliniita *hijita*, binti yangu, akasema mumewe alikuwa dereva wa minibasi na maisha yake yote hakuwahi kufika mahali kwa wakati.

Hesabu yangu ilifika arobaini na kitu. Kibanda kilichoileta leso hakikuwa na mtu ila mzee mmoja, ameiweka pajani na mikono yote miwili juu yake, kama anavyoshikwa mtoto wa mtu. Walimpa chini aipandishe, au aliikuta mwenyewe, sikuelewa vizuri. Alitoka nayo, akamkabidhi mama, akauliza ni ya nani. Mama akamtajia jina la mumewe. Mzee akavua kofia pale pale kwenye jukwaa, akaomba dua fupi kwa Kiaymara, akapewa mkate wake, akaingia kibanda kingine akaendelea kupanda. Marehemu alianza kuombewa kabla hatujafika kaburini.

Ule usiku nilirudi juu mwisho mwisho, karibu wanafunga. Nilisimama nje ya stesheni nikitazama chini kwenye bakuli lote limewaka taa, na vibanda vinapanda vitupu, kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kimewasha taa yake kwa ajili ya mtu ambaye hayumo. Akili yangu ya Likoni ikaanza kupiga hesabu: hasara ile nani anailipa? Mtambo ni mali ya serikali, na pesa za serikali ni za watu, wakiwemo wale majirani zangu wanaopanda Jumapili tu. Lakini kwetu pia kuna kinacholipwa. Matatu ikisubiri ijae, gharama ya kile kiti kitupu anaitoa abiria aliyekwisha kukaa, anaitoa kwa dakika zake, na hakuna anayeziandika popote. Nilipiga hesabu ya dakika zangu tangu shule ya msingi, nikaacha njiani.

Nilirudi nyumbani Desemba. Feri ni ile ile, bure kwa mwenye miguu, umati ule ule unateremka mteremko bega kwa bega, na jua. Miaka kadhaa nyuma ulitangazwa mradi wa magari ya kebo ya kuvuka pale Likoni, michoro ikatoka magazetini, vibanda vinapita juu ya maji, watu wamekaa wanatabasamu. Nilipovuka nilitafuta hata nguzo moja. Kunguru tu.

Ng'ambo nikapanda matatu. Watu sita ndani, viti vinane vitupu, na makanga nje anapiga bati anaita, "Mmoja! Amebaki mmoja!" Nikainama nikaingia, na kabla sijafikiri nikasema kwa sauti, "Hamjambo nyote."

Vichwa vikageuka. Dada mmoja akavuta mkoba wake karibu. Mzee wa kiti cha nyuma ndiye peke yake aliyeitikia, kisha akaniuliza kwa upole ni nani ninayemtafuta.

"Simtafuti mtu, baba," nikasema, nikakaa, nikaanza kusubiri ijae.